Zahor na Daraja la Minyororo

Ukitaka kumjua Zahor, mpakie kwenye gari. Mkalishe kiti cha mbele, umtoe kwake Hail, pembeni mwa Maskati, umpeleke popote utakapo, kisha unyamaze. Hamtafika mbali. Mkipita daraja la kwanza ataguna. La pili atafyonya. Kufika la tatu keshaanza: hili kalijenga mtu asiye na macho, hili zege limemwagwa kama uji wa mgonjwa, hili hata mbuzi angeona haya kulala chini yake. Ati haya nayo madaraja! Na wewe unayeendesha, unayeliona daraja kuwa ni kitu cha kupitia tu, utajikuta unaomba radhi kwa kosa usilolijua.

Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kanzu yake haina hata mkunjo mmoja, mkononi ana bakora ambayo haegemei. Anaitumia kunyooshea makosa ya watu wengine. Ofisi ya barabara ilimstaafisha zamani, lakini yeye hakuistaafu. Bado anaisema kila siku.

Alizaliwa Unguja, na baada ya mapinduzi akapelekwa Ulaya ya Mashariki kusoma, kama walivyopelekwa wengi wa rika lake. Wenzake waliangukia Ujerumani ya Mashariki, wengine Urusi. Yeye aliangukia Budapest, na huko Budapest akakutana na kitu kilichomharibia maisha. Si pombe wala si mwanamke. Ni daraja. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1849, na linavuka ule mto mpana kwa minara miwili tu ya mawe. Lililobaki lote limening'inizwa kwa minyororo ya chuma, na usidhani ni minyororo ya pete kama ya kufungia baiskeli. Ni vipande virefu bapa, kimoja kimeshika kingine kwa pini nene, vinapanda mnara, vinateremka, vinapanda tena, na mwisho wake umezikwa ardhini. Mlangoni wamekaa simba wa mawe. Wenzake jioni walikwenda kutafuta wasichana wa Kihangari. Zahor alikwenda kuegemea ukingo wa daraja na kulitazama, mpaka askari wa zamu wakamzoea.

Alisoma habari za ndugu wote wa daraja hilo. Ya Uingereza, ya Wales, ya Ufaransa, zama zile chuma kilipokuwa kigeni na watu wakijenga kwanza, wakipiga hesabu baadaye. Alijua lipi lilisimama na lipi lilianguka na nani alikuwa juu yake. Kisha akamaliza masomo, akaja Maskati, Oman ya mababu zake, akapata kazi serikalini, na hapo ndipo mambo yalipomgeuka. Maskati haina mto. Ina mawadi, ambayo mwaka mzima ni kokoto na mbuzi, halafu siku moja mvua inanyesha milimani na wadi linashuka na kubeba magari ya watu. Wadi halitaki minyororo wala simba. Linataka zege la chini na mabomba ya kupitisha maji, na likishuka kwa nguvu, unakaa upande wako unasubiri. Basi kazi ya Zahor, mwana wa Budapest, ikawa mabomba.

Mara moja tu alithubutu. Alichora daraja la minyororo la kuvuka wadi moja nje ya mji, akalipeleka kwenye kikao. Mkubwa wake alilitazama, akauliza kwa upole kama mbuzi wa kule watahitaji na simba pia. Kikao kizima kikacheka. Zahor akakunja karatasi yake akatoka, na toka siku ile hakuna mtu aliyemwona akicheka, isipokuwa kwa kumcheka mwingine.

Ndipo alipoanza kudharau. Mkubwa wake hajui kitu, alinunuliwa cheti. Wahandisi vijana ni makarani wa kompyuta, zima umeme uone kama wanajua mbili na mbili. Jirani yake aliyejenga nyumba ya ghorofa amejenga kabati. Shemeji yake ni kichwa maji. Na alikuwa na namna yake ya kusema, polepole, midomo kaibetua, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani. Kwenye barza ya Hail, wazee wanapokaa na kahawa baada ya alasiri, walishajifunza: Zahor akitaja Budapest tu, mmoja anakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama, mwingine anakwenda kutia udhu hali udhu anao.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya askari wa karibu na Manchester. Mwaka 1831, kikosi kinarudi kutoka mazoezini, kinavuka daraja la minyororo. Wanakanyaga pamoja, kushoto kulia, kushoto kulia. Daraja likaanza kucheza chini yao. Wao badala ya kuogopa wakafurahi, wakapiga mbinja, wakazidi kukanyaga kwa mpigo. Pini ikakatika, upande ukaanguka, askari kama arobaini wakaporomoka na daraja. Hapo Zahor alikuwa akinyanyua bakora na kusema kwamba toka siku hiyo jeshi likifika darajani linaamrishwa livunje hatua, kila mtu atembee kivyake. Kisha akangoja mtu aulize swali. Hakuulizwa hata siku moja.

Mtu mmoja tu duniani Zahor hakumdharau, naye ni binti yake. Aseel alizaliwa baada ya Zahor na mkewe Wadha kungoja miaka mingi mpaka wakakata tamaa, na hakufuatiwa na mwingine. Kwa Aseel, Zahor alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimfunga viatu, alimchukua skuli, alimsubiri nje ya mitihani kwenye jua. Sasa ni mwanamke mzima, anafanya kazi maabara ya chuo kikuu kule Al Khoudh, na bado baba yake alikuwa akimpigia simu kila asubuhi kumuuliza kama amekula.

Kwa hivyo Aseel alipoleta habari kwamba anataka kuolewa na Loay, utaweza kukisia. Loay alikuwa kijana mpole wa kampuni ya bima. "Kazi yake," Zahor alimwambia Wadha, "ni kutazama magari yaliyogongana na kuandika kwamba yamegongana." Halafu watu wake! Waomani kama wao, wenye kabila na heshima zao, lakini walirudi kutoka Tabora, hawakurudi kutoka Unguja, na Kiswahili chao Zahor alikuwa akikisikiliza kafumba jicho moja. Akasema hata salamu zao nzito. Wadha akamkumbusha kwamba bibi yake mwenyewe, mzaa mama, alitoka huko huko Tabora. Zahor akanyamaza siku nzima, na kesho yake akaendelea palepale alipoachia.

Hata hivyo alikubali. Aseel alikuwa hamwombi kitu akamnyima.

Na Aseel hakuomba makubwa. Alipata istiraha moja kule Amerat, nyuma ya milima, moja ya yale mashamba ya kukodi yenye nyumba, bwawa na majani ya kumwagiliwa, ambayo watu wa Maskati wanafanyia sherehe. Hii ilikuwa na kitu cha zaidi. Kati ya pahala pa kuegesha magari na nyumba kulipita kijito cha wadi, kikavu, na juu yake mwenye shamba alijenga daraja la kuning'inia. Aseel alipoliona akapiga kelele ya furaha. Usiku ule alikaa karibu na baba yake, akamwambia kwa nini.

Ile siku ya harusi ya Wadha hakukupigwa dufu. Baba yake Wadha alikuwa amefariki karibuni, na nyumba ilikuwa na msiba. Bwana harusi aliingizwa kimya, akaoa, akamchukua mke. Wadha alikuwa akimhadithia binti yake mara kwa mara kwamba yeye aliingia kwenye ndoa kama anayeingia hospitali. Watu wa Loay walikuwa mashuhuri kwa madufu. Ami yake Bakhit alikuwa na kikundi chake, na kila harusi wanamleta bwana harusi kwa miguu, mistari miwili, wakikanyaga pamoja na kuimba.

"Baba," Aseel alimwambia, "mimi nnataka kitu kimoja tu. Nkiwa ndani, nisikie madufu yanavuka daraja yanakuja kwangu. Basi. Mengine fanyeni mtakavyo."

Zahor aliguna. Lakini hakusema hapana, na Aseel akaondoka akiamini kwamba hilo limekwisha.

Walipokwenda kuitazama istiraha, Zahor alibaki garini. Alilitazama daraja kwa kioo kilichoteremshwa nusu. Minyororo ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu. Ilikuwa ya pete, minyororo ya bandarini, na kwenye kila nguzo kulikuwa na fanusi ya plastiki. Pembeni lilikuwa limevishwa mbao mpaka chini, na kwenye mbao wamechora mioyo. Mlangoni, badala ya simba, kulikuwa na bata wawili wa saruji. Bata! Zahor alisema neno la Kihangari ambalo Wadha hakulijua, na kwa namna lilivyotoka hakutaka kulijua. Akaulizwa kama atashuka kuliona. Akajibu kwamba takataka haitazamwi, inazolewa. Alipotaka kuingia ndani aliona bora kuzunguka na kupitia mlango wa jikoni, wanakoingizia masufuria ya wali, kuliko kulitia mguu lile daraja. Na siku ya harusi pia aliingia kwa mlango wa jikoni, katika kanzu yake mpya, akiwapita wapishi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Wanawake walikuwa ndani na Aseel, kapambwa, kakaa kitako chumba cha mbele chenye dirisha la upande wa daraja. Pazia lilikuwa limeteremshwa, kwa sababu yeye alitaka kusikia, si kuona. Wanaume wa upande wake walikuwa barazani pamoja na sheikh wa kuozesha. Zahor ndiye walii. Bila ya yeye hakuna ndoa.

Madufu yakasikika kutoka kwenye magari. Kwa mbali, kisha karibu. Bakhit alikuwa mbele, mtu mnene mwenye sauti kubwa, Loay katikati na jambia kiunoni na uso wa mtu anayetaka kutapika, na nyuma yao mistari miwili ya wanaume wa Tabora, Amerat na Al Khoudh, mguu mmoja, mguu mmoja, vumbi linaruka. Ndani vigelegele vilianza. Hata wale wazee wa Hail walikuwa wakitingisha vichwa.

Zahor aliitazama ile miguu. Tuseme kweli, Manchester ilimjia, wala si uongo. Lakini kabla ya Manchester kulikuwa na kitu kingine. Aliwatazama wanavyofurahi, jinsi walivyotoa meno, wanavyolikaribia lile daraja la mabata kama kwamba ni daraja, na roho ikamkereka. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kitu, na wote walikuwa na raha. Akashuka barazani, akavuka majani kwa haraka ambayo umri wake haukuitaka, akasimama kwenye mdomo wa daraja upande wa nyumba, akanyanyua bakora.

Madufu yakafifia, moja moja. Bakhit akauliza kwa adabu kuna nini, kama kuna mgonjwa. Zahor akamweleza. Alimweleza habari za mpigo, na pini, na askari wa Manchester, akaongeza na wale wa Ufaransa wa mwaka 1850, zaidi ya mia mbili waliokufa kwa daraja kukatika katika upepo mkali. Aliwaambia kwamba watu wenye akili, wakifika daraja la minyororo, huvunja hatua. Bakhit alimsikiliza, kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema kwamba sisi si jeshi, sheikh, sisi tumeleta bwana harusi.

Ule mcheko ndio uliokata maneno. Zahor aliusikia, akasikia na kile kikao kizima cha zamani nyuma yake.

"Dufu likivuka hapa," alisema, "mimi siozeshi. Mrudisheni kijana wenu mulikomtoa."

Watu wakatazamana. Sheikh barazani akasimama. Wadha, ambaye alikuja mpaka mlangoni na buibui lake, alimwita mumewe kwa jina, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Zahor hakugeuka. Bakhit alitaka kusema kitu kizito, mishipa ya shingo ilikuwa imeshamtoka, lakini Loay alimshika mkono. Akamwambia ami yake kwamba wafanye anavyotaka mzee. Akayachukua madufu yote yeye mwenyewe, akayaweka chini ya mti kando ya magari.

Wakavuka kimya. Mmoja, kisha nafasi, kisha mwingine, macho chini. Zahor alisimama akiwahesabu kama mkusanya tikiti, na kila aliyepita alimwambia apunguze mguu. Bwana harusi alivuka wa kumi au wa kumi na moja, peke yake, viatu mkononi. Ndani vigelegele vilikatika. Wanawake walisikia madufu yanakuja, yanakuja, kisha hamna. Mmoja akasema labda bwana harusi kaanguka. Mmoja akasema labda kuna maiti. Mama yake Loay akaanza kulia kabla ya kujua analilia nini, na Aseel alikaa palepale na uso kaugeuzia pazia, akasubiri, mpaka aliposikia sauti ya sheikh inaanza khutba ya nikaha na akaelewa kwamba hakuna kitakachopigwa.

Zahor akaozesha. Sauti yake ilikuwa safi. Baadaye Wadha alimfuata pembeni akamwambia kwamba mtoto analia na wanja umemtiririka mpaka kwenye nguo. "Umemuoza kama ulivyonioa mimi," alimwambia, akaondoka. Zahor akasema peke yake kwamba wanja hununuliwa dukani, na shingo haina spea.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuwahi kulipata maisha yake yote. Walipokaa kwenye sinia za wali, Bakhit alikuja akakaa mbele yake. Alikuwa ameshapoa. Akasema kwamba amewaza, na kwamba alipokuwa anavuka alihisi kweli zile mbao zinatikisika miguuni mwake, na kwamba angependa kusikia ile habari ya Manchester kutoka mwanzo. Zahor akadhani anatukanwa. Hakutukanwa. Wakasogea na wengine. Vijana waliacha simu zao. Zahor akahadithia, na hakuna aliyekumbuka mgonjwa wala udhu. Walishika vichwa, walisema la haula, wakauliza maswali, wakamtazama Loay na kumwambia kwamba amenusurika, na kwamba ana mkwe wa kujivunia. Wale wazee wa Hail wakaanza kudai kwamba wao wanaijua hadithi hii siku nyingi. Zahor alikula kidogo. Alikuwa ameshiba kwa mengine.

Ndipo Bakhit akauliza: sasa hili la hapa, sheikh, ubovu wake uko wapi? Zahor akajibu kwamba ubovu wa daraja la minyororo hukaa pale minyororo inapozikwa, chini, pasipoonekana. Lile la Ufaransa lilioza hivyo hivyo, chuma kimeliwa ndani ya ardhi na huku juu kinang'ara. Akasema ngojeni, nakwenda kuutazama, nitakuja kuwaonyesha. Akaenda peke yake, na bakora yake, akateremka kwenye kokoto za wadi, akainama, akaingia chini ya daraja kwa mara ya kwanza.

Juu ya kichwa chake zilipita boriti mbili za chuma. Nene, za kupitisha lori, kutoka ukuta wa zege wa upande huu mpaka ukuta wa zege wa upande wa pili, zimekaa raha mustarehe. Mbao zilikuwa zimelazwa juu ya boriti hizo na kufungwa kwa skrubu. Akatafuta mwisho wa minyororo. Haukuzikwa popote. Ulikuwa umetundikwa kwenye ndoano ndogo ukutani, kama mahali pa kutundikia taulo. Akanyoosha mkono akaushika mmoja wa minyororo ya pembeni, akauvuta. Ulicheza mkononi kama funguo mfukoni. Daraja halikuning'inia kwenye minyororo. Minyororo ndiyo iliyoning'inia kwenye daraja.

Wangeweza kupita madufu yote ya Oman. Angeweza kupita ngamia na jamaa zake, wakiruka.

Alisimama pale chini kainama, na mtu mwenye macho ya kawaida, mtu yeyote, hata karani wa kompyuta, angeliyaona yale kwa kuinama mara moja. Yeye alikuwa na miaka hamsini ya elimu na hakuinama. Alipitia jikoni. Alilidharau hata akashindwa kulitazama. Joto la aibu lilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na juu yake alisikia sauti ya Bakhit ikiwahadithia waliochelewa habari za Manchester, tayari imeshaongezwa chumvi.

Alipopanda, jua lilikuwa linakaribia milima na wanawake walikuwa wanamtoa Aseel. Ilikuwa saa ya kwenda kwa mumewe. Gari la Loay lilikuwa ng'ambo, mlango wazi, Loay kasimama karibu nalo. Watu wote walikuwa wamejipanga mdomoni mwa daraja, wamenyamaza kwa heshima, wakimngoja yeye. Hakuna aliyetia mguu. Kikundi cha Bakhit kilikwenda kuyachukua madufu, na sasa wameyashika chini ya kwapa, yamefunikwa na mashuka.

"Pigeni," Zahor alisema.

Bakhit akauliza wapige wapi.

"Hapa hapa. Darajani. Mvusheni mwanangu kwa madufu."

Bakhit alimtazama, kisha uso wake ukafunguka, akageuka kuwaambia wenzake kwamba sheikh anawapima, anataka kuona kama darsa imeingia. Wote wakacheka kwa mapenzi. Hapana, wakasema, hatupigi. Tumeshajifunza. Zahor akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, akagonga bakora kwenye ubao. Mzee mmoja wa Hail akamwambia mwenziwe kwamba masikini, huruma ya mzazi, yuko tayari kuhatarisha watu ili binti yake afurahi. Kijana mmoja akamshika mkono kumtuliza. Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kufanya, nalo ni kusema kwa nini, na Zahor alikuwa analijua.

Aseel akaja mbele yake. Wanja ulikuwa umepanguswa, macho yamevimba. Alimshika baba yake mkono akaubusu, na hakuuachia.

"Nlikuchukia leo, Baba," alisema. "Nlidhani unawadharau tu. Unawadharau watu wa Tabora, unamdharau Loay, basi. Ami Bakhit kanihadithia yote. Kumbe ulikuwa unaniogopea mimi."

Zahor alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, wala hayakuwa mengi. Nyuma ya Aseel alimwona Wadha, ambaye alikuwa akimtazama yeye, na vumbi la kokoto kwenye magoti ya kanzu ya mumewe, na bakora yake isiyo na hata chembe ya kutu. Wadha alikuwa anangoja. Wote walikuwa wanangoja, kimya, zaidi ya watu mia wanaotaka kumsikiliza Zahor.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Usikanyage kwa mpigo."

Aseel akavua viatu. Akavuka peke yake, mguu mmoja, kisha akangoja, kisha mwingine, macho chini kwenye mbao na mkono mmoja umeshika mnyororo. Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa kuogopa kumshtua. Alipofika ng'ambo Loay akamfungia mlango, na gari likaondoka polepole juu ya kokoto. Bakhit akamwekea Zahor mkono begani, akamwambia kwamba kuanzia leo ukoo wao hautavuka daraja na dufu, na kwamba wajukuu watahadithiwa. Zahor akamwambia ahsante.